Pointi tisa za Longido na pointi tisa za bweni la kulipia, ni tisa zilezile?

Mama Steshenari (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nina kibanda cha steshenari hapa Sakina, Arusha, kando ya barabara ya Namanga. Mashine moja ya kopi, kompyuta mbili, printa inayokula karatasi ikiamua. Mwaka mzima naishi kwa kopi za vitambulisho na mihutasari ya vikoba, lakini matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai kibanda kinageuka ofisi ya udahili. Watoto wanakuja na bahasha zao, nawajazia maombi, natoa kontroo namba, wanalipa kwa simu, tunasubiri meseji, tunahamia chuo kinachofuata. Siku yenye umeme najaza maombi ya watoto hata kumi na watano. Ninachoandika hapa nimekiona kwenye benchi langu.

Jumanne moja benchi lilikuwa na watoto wawili, wote PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), wote C tatu. Kwa wasiofuatilia: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. C tatu ni pointi 9. Na wote wawili wanataka udaktari.

Wa kwanza ni binti, katokea ndani kabisa wilaya ya Longido, siyo pale mjini kwenye lami. Kaletwa na baba yake mdogo, ambaye alikataa kuingia, akakaa nje kivulini na fimbo yake. Vyeti viko ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko wa unga, ndani ya kanga. Nilipofika penye namba ya simu akanitajia ya baba mdogo, yake hana. Baba mdogo akaitikia kutoka nje: "Yeyo, hiyo inashika nikipanda kilimani."

Nikamdadisi kidogo wakati mtandao unazunguka. Kasoma shule ya kata. Fizikia walifundishwa na mwalimu wa hesabu, naye akahamishwa wakiwa kidato cha tatu, wakamalizia kwa kusomeshana wenyewe. Nyumbani ni Kimaasai, Kiswahili kakikuta darasa la kwanza, Kiingereza kikamvaa kidato cha kwanza. Yaani mtihani wa Biolojia wa kidato cha sita kaufanya kwa lugha yake ya tatu. Halafu akasema kitu ambacho nimelala nacho: "Bureti, ile ya kupimia maabara, nilishika mara ya kwanza kidato cha tano. Nilikuwa naogopa kuivunja maana ningeilipa na nini, kwa hiyo wenzangu wakipima mimi naandika namba."

Wa pili ni kijana, mtoto mzuri tu, kaniamkia kabla hajavuka kizingiti. Shule ya Kiingereza tangu chekechea, sekondari ya bweni ya kulipia, likizo tuisheni. Bureti kwake ni kama kijiko.

Mfumo ukiwaangalia unaona 9 na 9. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kuingia shahada ni pointi 4 kwa masomo mawili, udaktari unadai zaidi. Ukishavuka hapo, waombaji wakizidi nafasi, chuo kinawapanga kwa ufaulu. Nimejaza fomu za vyuo vingi, kisanduku kinachouliza kama shule yako ilikuwa na mwalimu wa Fizikia sijakiona hata siku moja.

Sasa nauliza. Hizo tisa ni tisa zilezile? Na kama hazilingani, tutazipima vipi bila kuwafungulia mlango wajanja? Maana wajanja nao ni wateja wangu, nawapigia kopi.

---

Pilipili Mbuzi

Mleta uzi, huruma yako naielewa, ila mgonjwa akilazwa usiku hamwulizi daktari alitembea kilomita ngapi kwenda shule. Tisa ni tisa. Tukianza kuhesabu machozi hatutamaliza, kila mtu ana yake. Mimi mwenyewe nimesoma kwa kibatari, sikuomba nyongeza.

Mama Steshenari

Mkuu, wote wana tisa. Sijasema mwenye nne apewe kisu cha upasuaji. Nimeuliza nafasi ikibaki moja.

Pilipili Mbuzi

Ikibaki moja warushe shilingi.

---

Mzee wa Kibosho

Wajukuu, marahaba. Mmegusa jambo ambalo mimi limenipitia mwilini, sasa mnivumilie.

Nimemaliza kidato cha sita miaka ya Azimio la Musoma. Novemba 1974 chama, TANU, kiliamua kwamba hakuna kutoka shule kwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, moja kwa moja. Unakwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kisha kazini miaka miwili, kisha mwajiri na tawi la chama waandike kwamba unafaa. Nia ilikuwa nzuri: chuo kisiwe cha watoto wanaojua kitabu tu, na mfanyakazi wa kawaida naye apate mlango. Lakini barua ya kusema unafaa inaandikwa na mtu, na mtu ana jicho lake. Wasichana ndio walioumia haraka zaidi. Miaka miwili ya kusubiri kwa binti wa enzi ile ilikuwa ni posa mezani. Idadi yao chuoni ikaporomoka, na kufika 1976 wakaruhusiwa kupita bila kusubiri. Kumbukeni hilo: kipimo kilichowekwa kwa ajili ya haki kilimwumiza yule ambaye hakuna aliyemfikiria wakati wa kukiandika.

La pili ni mgawo wa mikoa. Hili Wachaga wenzangu wakilisikia wanakunja uso mpaka leo. Wamisionari na kahawa vilituletea shule mapema, sisi na ndugu zetu wa Bukoba. Serikali ikaona nafasi za sekondari zitajazwa na watu wa mikoa miwili mitatu, ikagawa nafasi kwa mikoa na wilaya. Sikatai, nchi ilikuwa inajengwa. Matokeo yake mtoto wa huku alihitaji alama kubwa kuliko mwenzake wa kwingine ili aingie kidato cha kwanza cha serikali.

Tulifanyaje? Tulijenga. Wazazi wakachanga, kanisa likatoa kiwanja, kahawa ilikuwa bado ina bei, zikaota sekondari binafsi mlima mzima. Binti yangu mkubwa alikosa nafasi ya serikali, nikauza ng'ombe, akasoma. Kwa hiyo mgawo haukunizuia, uliniongezea gharama tu.

Sasa geuka uangalie chini, tambarare, huko jua linakochoma. Jamaa anayekata miwa kwa mshahara, hana mche wa kahawa hata mmoja. Mtoto wake naye alihesabiwa "Kilimanjaro". Kwenye makaratasi mkoa wake umesoma, kwa hiyo yeye naye amesoma. Ng'ombe wa kuuza hana. Alirudi shambani. Na mtoto wa bwana mkubwa aliyehamishiwa mkoa ulio nyuma alihesabiwa yuko nyuma, akapita na nafasi.

Ndiyo maana nikisikia "tuwape watu wa mkoa fulani" naweka kikombe chini.

---

Bodaboda Mwanafalsafa

Uzi mrefu, nimesoma nusu, naunga mkono nusu hiyo.

---

Kahawa Chungu

Mzee shikamoo. Umenipunguzia kazi ya kuandika.

Mimi nafundisha chuo fulani kanda hii, na nimewahi kukaa kwenye kamati ya udahili. Niseme ukweli wa pale mezani: unaletewa orodha imepangwa kutoka juu kwenda chini, mtu anapiga mstari penye idadi ya viti, waliopo chini ya mstari hawana sura. Tofauti ya aliyepita na aliyekosa inaweza kuwa nusu pointi, S moja. Hakuna mtu pale mwenye roho mbaya. Karatasi yenyewe haina nafasi ya kumwona mtoto.

Wengine wamejaribu kumwona. Jirani zetu Makerere, tangu 1990, walianza kumwongezea kila msichana pointi 1.5. Idadi ya wasichana ilipanda kweli. Lakini msichana wa sekondari ya kitajiri Kampala na yule wa kijijini wote walipata 1.5 ileile, na mnajua nani alikuwa karibu zaidi na mstari. Ni lilelile la Mzee, umebadilisha mkoa ukaweka jinsia.

Marekani wamehangaika zaidi ya wote. Miaka mingi vyuo vyao viliangalia rangi ya mwombaji pamoja na mambo mengine, mpaka Juni 2023 Mahakama yao ya Juu ilipokataza. Kabla ya hapo, Mei 2019, College Board, wale wenye mtihani wa SAT wa kuombea vyuo, walitangaza namba moja, kuanzia 1 hadi 100, ya kuonyesha ugumu wa mtaa na shule aliyotoka mtoto. Chuo kingeiona. Mtoto mwenyewe asingeiona! Watu waliwaka, na Agosti mwaka uleule wakaifuta ile namba moja, wakabakiza taarifa za mtaa na shule bila kuzijumlisha. Mimi sishangai. Mizani ya duka lazima mteja aione mshale.

Iliyonivutia ni ya jimbo la Texas, sheria ya 1997: asilimia 10 ya juu ya wahitimu wa kila sekondari wanapata nafasi chuo kikuu cha umma cha jimbo. Kila sekondari, ya mjini na ya porini. Humwulizi mtu rangi wala mshahara wa baba yake, unauliza tu ulikuwa wa ngapi kati ya wale mliokula vumbi pamoja.

Lakini niwaambie linalofuata baada ya kumwingiza, maana hapo ndipo wengi tunaosha mikono. Mwaka wa kwanza maabara, mtoto kama huyo wa Longido anasimama nyuma ya wenzake akiandika namba. Tabia ileile aliyoitaja mleta uzi. Mwalimu una watu mia na zaidi, unaona ripoti imeandikwa vizuri, unaweka vyema. Mtihani wa vitendo unapofika, mmoja mmoja mbele ya kifaa, ndipo unagundua. Nimeshaona vijana wenye akili kali wakirudia mwaka kwa sababu hiyo tu, na wala chuo hakikuwa na saa hata kumi za kuwashikisha vifaa kabla ya masomo kuanza.

---

Dada wa Ngaramtoni

Kahawa Chungu umenikumbusha mbali. Mimi niliingia Mlimani mwishoni mwa miaka ya 90 kupitia ule mpango wa wasichana wa sayansi. Tulikuwa na ufaulu, tukakosa kidogo kufika kwenye mstari. Wakatuita mapema, wakatufundisha wiki kadhaa, wakatupa mtihani, aliyefaulu akaingia. Hatukupewa bure kama wavulana walivyokuwa wanatuimbia bwenini.

Walituita "wa huruma". Muhula wa kwanza nilikuwa siinui mkono darasani hata nikijua jibu. Lakini zile wiki zilinisaidia kuliko pointi yoyote ambayo wangeniongezea, maana waliponiingiza maabara na wenzangu nilikuwa nimeshavunja vifaa viwili tayari na nimeona kwamba mtu hafungwi.

Mama Steshenari

Dada hapo kwenye kuvunja nimecheka peke yangu kibandani, wateja wananiangalia.

---

Mtoto wa Kilombero

Naomba nimsemee yule kijana wa pili, maana mmemweka pembeni kama mtoto wa tajiri.

Mama yangu anauza ndizi soko la Kilombero, hapa Arusha mjini. Anaamka saa tisa usiku kupokea mzigo wa kutoka Moshi. Nimesoma bweni la kulipia miaka sita, na ada hiyo ilitoka vikoba vitatu tofauti, anakopa huku analipa kule. Nyumba tunapanga mpaka leo. Mwaka nilioomba mkopo wa chuo nikaulizwa shule niliyosoma na ada yake. Nikaandika ukweli. Sikupata hata shilingi awamu zote. Jirani yetu mwenye nyumba tatu za kupangisha mwanawe alisoma ya serikali, akapata.

Mama alidhani ananisomesha, kumbe alikuwa ananitengenezea ushahidi. Chuo nacho nilisoma kwa ndizi hizohizo, nilichelewa mwaka mzima.

Mzee wa Kibosho

Pole mjukuu. Mpe mama pole yangu. Ndiyo sisi wa enzi ile na ng'ombe wetu.

Pilipili Mbuzi

Hapa nakubali bila ubishi. Ada si utajiri. Uchagani na Arusha nzima mtu anaweza kula ugali na chumvi ilimradi mtoto avae soksi nyeupe.

---

Mama Steshenari

Nimesoma yote, asanteni. Kijana wa Kilombero, umenisuta kidogo na umestahili. Yule wangu wa bweni sikumwuliza ada ilitoka wapi, nimeona begi lake la magurudumu nikamalizia mwenyewe kichwani.

Sasa niwaambie ya upande wangu wa kaunta. Fomu ya mkopo inasainiwa na kiongozi wa mtaa au kijiji, inagongwa muhuri wa hakimu au wakili, unalipia elfu thelathini, unatuma. Vyeti vya vifo lazima vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na hilo naona lilikuja kwa sababu zilikuwepo siku ambapo watu waliwazika wazazi wao kwenye karatasi huku wazee wako nyumbani wanakunywa chai. Nimewahi kupiga kopi barua ya kaya maskini, mwenye barua kaegesha gari mbele ya kibanda na injini inanguruma. Kiongozi aliyesaini anajua na mimi najua. Nikafanya nini? Nikachukua mia mia zangu za kopi.

Kwa hiyo kipimo chochote kinachotegemea mtu kuandika "mimi ni mnyonge", au mwenyekiti kuandika "huyu namfahamu", wateja wangu watakichezea kabla wino haujakauka. Na binti wa Longido atakuwa wa mwisho kukijua.

Lakini kuna kitu ambacho kila mtoto ananiletea na hawezi kukidanganya. Namba ya mtihani. Ile herufi S inayoanza na tarakimu zake za mwanzo ni shule. NECTA, baraza la mitihani, wanajua shule hiyo ilitoa nini mwaka huo, wangapi sifuri, wangapi daraja la nne. Chukueni ya kidato cha nne, maana huko ndiko mtoto alikokaa miaka minne. Cha tano anaweza kupangiwa shule ya serikali nzuri, historia ikafutika. Mtoto aliyetoka mahali ambapo nusu ya darasa walipata sifuri, leo kasimama na C tatu, huhitaji barua ya mwenyekiti kujua kapita wapi. Haombi chochote, hajui hata kama anapimwa, na akitaka kujua, matokeo ya shule yake yako hadharani.

Pilipili Mbuzi

Wazazi watawahamishia watoto huko porini mwaka wa mwisho wapate ubonasi.

Mama Steshenari

Hesabu wanaosoma pale kidato cha kwanza hadi cha nne. Mzazi wa Njiro, mtaa wa wenye nazo, akikubali mwanawe akae Longido ndani miaka minne bila mwalimu wa Fizikia, basi mwaka wa pili tu atakuwa ofisini kwa mkurugenzi anapiga meza. Mwalimu ataletwa. Tutakuwa tumefaidika wote.

Kahawa Chungu

😂 Hii naiandika kwenye daftari. Ila haimsaidii wa Kilombero. Yeye shida yake ni hela, shule ilikuwa nzuri. Ni mizani mbili tofauti: moja ya mlangoni, ipime mtoto alisoma katika hali gani, nyingine ya mkopo, ipime nyumbani kuna nini leo. Sisi tunatumia shule kupima hela na hatutumii shule kupima elimu. Tumezishika kichwa chini.

Mtoto wa Kilombero

Hapo sasa.

---

Mama Steshenari (mrejesho)

Wakuu, awamu ya kwanza imetoka. Binti wa Longido kachaguliwa vyuo viwili: uuguzi chuo cha umma, na udaktari chuo binafsi. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa msimbo kwa meseji, unauingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka kabla ya siku ya mwisho. Usipothibitisha umejitoa.

Meseji ilikwenda kwa baba mdogo. Simu imezimwa. Siku ya kwanza imezimwa, ya pili imezimwa. Nikaandika kikaratasi, nikampa dereva wa Noah anayekwenda Longido, nikamwambia ampe mwenye duka la mwisho, naye ampe mtu yeyote wa upande ule anayekwenda mnadani. Pointi tisa zinasafiri hivyo.

Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, sijafungua hata kufuli, simu ikaita. Upepo mtupu. Baba mdogo yuko kilimani, binti yuko naye. Anasoma msimbo tarakimu moja moja kwa Kimaasai, binti anazigeuza. Ukakata zikiwa nne. Wakapiga tena, tukaanza upya. Nikaziandika kiganjani kwa sababu kalamu niliipata karatasi sikuipata.

Nikamwambia, mwanangu, nathibitisha kipi? Uuguzi ada yake ndogo. Udaktari ada yake ninaiona hapa kwenye skrini. Akaniuliza mkopo unatangazwa lini. Nikamwambia baada ya kuthibitisha.

Akanyamaza. Nikasikia kengele za mbuzi.

Akasema, "Mama, weka udaktari."

Nimeweka. Ile ada sikumsomea. Baba mdogo akachukua simu kuuliza kama namba zimefika zote, nikamwambia zimefika.